Kifua kimenyamaza, lakini uvimbe je?

MPWA wangu ana miaka minane na anaishi Ronge na mathe. Siku akiwa sawa huwezi kujua ana pumu. Anapiga mpira, anapanda mlima kwenda shule, anapiga stori bila kupumzika.

Likizo ya Desemba nilikuwa huko. Saa nane usiku, baridi kali, ukungu umefunika migomba, nikasikia kifua chake kikipiga mluzi. Inhela ya buluu ilikuwa imebakisha hewa tupu. Ile ya kahawia, ya kutumiwa kila siku, ilikuwa kabatini tangu Septemba.

"Si alikuwa amepona?" mathe akaniuliza.

Tulimbeba kwa boda hadi Mwatate, yeye katikati, mimi nyuma nikisikiliza kila pumzi. Alitibiwa, akapata nafuu. Lakini swali la mathe halikunitoka kichwani.

Ukweli ni huu: pumu ina sura mbili. Kuna mirija ya hewa kubana, hiyo ndiyo inayopiga mluzi. Halafu kuna mirija kuvimba kwa ndani, na uvimbe huo unaweza kuwa kimya kabisa. Inhela ya buluu hufungua mirija kwa muda. Ya kahawia ina dawa ya kutuliza uvimbe. Ukiiacha kwa sababu mtoto hakohoi, uvimbe unarudi polepole, ukingoja baridi, vumbi au moshi wa kuni.

Sasa, uvimbe usio na sauti unaujuaje? Kwa pumzi yenyewe.

Mwaka 1991 watafiti wa Sweden waliripoti kwamba pumzi ya binadamu ina gesi ya naitriki oksaidi. Miaka miwili baadaye ikaonekana kuwa wenye pumu huitoa kwa wingi zaidi. Mirija iliyovimba ndiyo inayoizalisha.

Kipimo chake hakina sindano wala damu. Mtoto anavuta hewa, kisha anaipuliza taratibu, kwa kasi ileile, kwa sekunde sita hivi. Mashine inatoa namba: ni chembe ngapi za gesi hiyo katika kila chembe bilioni za hewa. Kulingana na mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2011, kwa mtoto wa chini ya miaka 12, chini ya 20 ni kiwango cha chini, na zaidi ya 35 ni cha juu.

Namba ikiwa juu ilhali mtoto ameandikiwa dawa, daktari huuliza kwanza: anaitumia kweli? Anaivuta vizuri? Kwetu, jibu lilikuwa kabatini.

Lakini namba pekee haitoshi. Mzio huipandisha, na kuna pumu isiyoipandisha kabisa. Daktari huisoma pamoja na dalili zingine.

Mashine hii si ya kukuta kwenye zahanati ya kijijini. Lakini somo lake halihitaji mashine: kifua kunyamaza si kupona. Usimwachishe mtoto dawa ya kila siku bila kumuuliza daktari. Jiko la kuni likae mbali na anapolala. Akishindwa kumaliza sentensi, au ngozi ikizama katikati ya mbavu, huo si wakati wa kungoja asubuhi.

Na kama inhela inamshinda kuvuta, chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kusaidia. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa 1999 ulionyesha kwamba chupa ikitobolewa vizuri na kuzibwa pembeni, hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Muulize muuguzi akuonyeshe.

Siku hizi inhela ya kahawia inakaa kando ya mswaki. Mtoto anavuta, anasukutua mdomo, anatoka mbio.

Juzi nilimpigia mathe simu, nikamuuliza kama mpwa wangu amepona.

"Hajapona," akasema. "Ametulia. Na dawa anatumia."