Karatasi ya Njano na Kibarua cha Mombasa

Katika kikundi chetu cha kusoma yumo mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, binti wa hapa Mji wa Kale. Muhula uliopita alichukua kitabu kinene cha Kiingereza ambacho wenzake walikuwa wakikipita tu: *The Grapes of Wrath*, riwaya ya Mmarekani John Steinbeck iliyotoka mwaka 1939. Desturi yetu ni kwamba anayemaliza kitabu huandika maswali na maoni yake daftarini, kisha tunakaa pamoja kuyajadili. Yake yalijaza kurasa sita. Tumeona tuyafafanue hapa, maana kitabu ni cha mbali lakini maswali ni ya kisiwa hiki, na swali lake la mwisho linahusu nyumba nyingi zetu leo.

Hadithi kwa ufupi

Familia ya akina Joad walikuwa wakulima wa jimbo la Oklahoma. Ukame na vumbi viliharibu mazao, madeni yakawazidi, na wenye mashamba wakaleta matrekta na kuwafukuza. Wakati huo zilikuwa zikisambazwa karatasi za rangi ya njano zilizosema kwamba California kuna kazi tele ya kuchuma matunda na mishahara ni mizuri. Wakauza vyombo vyao, wakanunua gari kuukuu, wakajipakia humo wote, wazee kwa watoto, na kushika njia. Babu alifia njiani. Bibi akafa wakivuka jangwa. Walipofika walikuta maelfu wengine kama wao, kila mmoja na karatasi yake ya njano mfukoni.

Swali la kwanza: "Kwani hawakujua kusoma? Mbona wakadanganyika?"

Walijua kusoma. Tena karatasi haikuwa na uongo wa moja kwa moja: kazi ilikuwako. Ujanja ulikuwa katika hesabu. Njiani walikutana na mtu anayerudi kutoka California, kafiwa na wanawe kwa njaa, akawafumbulia jambo hilo. Tajiri anayehitaji watu 800 huchapisha karatasi 5,000. Wakifika watu elfu mbili au tatu wenye njaa, hana haja tena ya kulipa mshahara alioutaja. Anauliza tu: nani atakubali kidogo zaidi? Mwenye watoto wanaolia atasema, mimi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka huohuo wa 1939 hapa Mombasa mambo yalikuwa ya namna hiyohiyo. Bandari ya Kilindini ilikuwa imeshapata gati za kina kirefu tangu miaka ya 1920, na watu walimiminika: Wakamba, Wataita, Wajaluo, Wakikuyu, Wamijikenda kutoka jirani, na Washihiri waliovuka bahari kutoka Hadhramaut. Kila asubuhi watu walijikusanya langoni, nyapara akachagua anaowataka. Aliyechaguliwa alipata ujira wa siku ile. Asiyechaguliwa alirudi mikono mitupu.

Neno letu "kibarua" lenyewe limetokana na "barua". Kilikuwa kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku kuwa ushahidi wa kazi yake. Mpaka leo tunamwita mtu kwa jina la kikaratasi chake.

Kwa nini wenye kampuni walipenda mtindo huu? Meli haziji kwa ratiba kama daladala. Leo zinatia nanga tatu, kesho hakuna hata moja. Mwenye kampuni akiajiri watu wa kudumu, atawalipa hata siku isiyo na meli. Akichukua vibarua, siku isiyo na meli hailipi yeye. Inalipwa na tumbo la kibarua. Ndiyo maana ilimfaa kuwe na watu wengi langoni kuliko kazi iliyopo.

Lakini tusiseme kwamba kila mtu aliuchukia mtindo huu. Wenyeji wengi wa pwani waliupenda, maana siku nyingine mtu alikwenda shambani kwake au kuvua samaki. Aliyebanwa zaidi ni yule aliyetoka mbali, asiye na shamba karibu, na kodi ya chumba inamngoja kila mwisho wa mwezi.

Swali la pili: "Mbona wasirudi kwao?"

Hili tulilijadili sana. Akina Joad hawakuwa na pa kurudi, shamba lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Mfanyakazi wa Mombasa kwa kawaida alikuwa na shamba lake bara, na mkewe alikuwa akililima. Utadhani basi hali yake ilikuwa afadhali. Kumbe shamba hilo lilitumiwa kumpunja! Wakati wa ukoloni mshahara ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na familia, kwa hoja kwamba mke na watoto wanakula huko nyumbani. Kwa hiyo mama aliyekuwa akipalilia mahindi kule bara alikuwa, bila kujua, akimsaidia mwenye kampuni ya meli kulipa kidogo. Mwanafunzi wetu aliandika hapa: "Basi mshahara mdogo ulilipwa na watu wawili." Sisi hatuna la kuongeza.

Swali la tatu: "Kwa nini walifurahi kambini, na mshahara haukuongezeka?"

Katika riwaya, akina Joad wanafika kwenye kambi ya serikali yenye vyoo, maji ya moto na mahali pa kufulia, na wakazi wenyewe wanachagua kamati za usafi na usalama. Kazi bado ni haba, lakini Mama Joad anaanza kujihisi mtu tena. Mwanafunzi alishangaa: choo tu kinaweza kumrudishia mtu heshima?

Jibu liko katika historia ya mji wetu. Mwezi Julai 1939 wafanyakazi wa Idara ya Ujenzi ya serikali hapa Mombasa waligoma, na dai lao kubwa lilikuwa pesa za nyumba. Kodi zilikuwa zimepanda, na katika nyumba za Majengo watu walilala kwa kubanana. Mgomo ukasambaa, na mwezi Agosti ukafika bandarini. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na suala la nyumba likajitokeza kuwa katika malalamiko makubwa. Ujira unaoishia mkononi mwa mwenye nyumba si ujira. Na mtu asiye na pa kulala, pa kuoga na pa kuweka mkeka wake ni rahisi kumtisha, maana hana pa kusimama akasema hapana.

Swali la nne: "Waliogoma walifaidika nini?"

Katika kitabu, akina Joad wanaingia shamba la mapichi wakilipwa senti 5 kwa sanduku. Hawajui kwamba wenzao wako nje wamegoma, kwa sababu bei ilishushwa hadi senti 2 na nusu. Mgomo unapovunjwa, bei inashuka hukohuko. Senti 5 hazikuwa ukarimu. Zilikuwa chambo cha kuvunjia mgomo.

Mombasa ilitoa jibu lingine. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na madobi wa majumbani. Mgomo ulidumu siku 12. Walikutana kwenye uwanja wa Majengo walioubatiza Kiwanja cha Maskini, na hapo ndipo kilipopata nguvu Chama cha Wafanyakazi wa Kiafrika. Kiongozi wake mashuhuri, Chege Kibachia, mwenyewe alikuwa mtu wa kuja, Mkikuyu aliyefika Mombasa kutafuta kazi. Baraza la usuluhishi liliundwa na mishahara ikaongezwa. Lakini mwezi Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, Baringo, akawekwa huko kwa miaka kama 10.

Faida ya kudumu ilikuja polepole. Vibarua wa bandarini waliandikwa kwenye rejista, na hatua kwa hatua wengi wakawa waajiriwa wa kudumu. Hapa tuseme ukweli wote: aliyeandikwa alipona, lakini ambaye jina lake halikuingia rejistani alifungiwa nje. Kila ukuta unaojengwa kuwalinda wafanyakazi una watu wa ndani na watu wa nje. Tusiwasahau wa nje.

Anayetaka kusoma habari kama hizi kwa Kiswahili, kuna riwaya ya *Kuli* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979. Inaeleza maisha ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948, mwaka mmoja tu baada ya ule wa Mombasa.

Maoni ya tano: "Hawa wenyeji wa California ni kama sisi."

Haya hayakuwa swali. Katika kitabu wenyeji wanawaita wageni "Okies", neno la dharau, na kusema ni wachafu, wezi, wanatushushia mishahara. Binti huyu aliandika bila kuficha kwamba hata kwao, watu wakikaa barazani na kahawa, maneno ya "watu wa bara wamejaza kazi zote" ni ya kawaida.

Tunamsifu kwa ujasiri wake. Malalamiko ya vijana wa pwani kuhusu kazi na ardhi yana msingi, na hayafai kunyamazishwa. Lakini Agosti 1997 kule Likoni tuliona neno "mtu wa bara" likiishia kwenye mapanga na nyumba kuchomwa, na maelfu wakakimbilia uwanja wa kanisa. Aliyeshusha mshahara si yule mwenye njaa aliyesimama nawe langoni. Ni yule aliyehesabu kwamba mkiwa wengi, mtagombana ninyi kwa ninyi. Mwaka 1947 Mmijikenda, Mswahili, Mjaluo na Mkamba waligoma pamoja, na hesabu hiyo ikamshinda mwenyewe.

Swali la mwisho: "Karatasi ya dadangu ni ya rangi gani?"

Dada yake mkubwa ameahidiwa na wakala kazi ya nyumbani katika nchi ya Ghuba. Ahadi imekuja kwa simu: mshahara mzuri, chakula bure, chumba chake mwenyewe. Aliandika: "Haina rangi ya njano, lakini niliposoma maneno ya yule mtu aliyekuwa akirudi, nilimkumbuka dadangu."

Hatusemi watu wasiende. Wako waliokwenda wakajenga, wakasomesha. Lakini kule, chini ya utaratibu wa kafala, kibali cha mfanyakazi hufungamanishwa na mwajiri wake. Ukimwacha, unaweza kuhesabiwa mkosaji. Kwa hiyo maswali yote yaulizwe hapa, kabla ya ndege:

1. Je, wakala amesajiliwa? Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ndiyo inayosajili mawakala. Hakikisha wewe mwenyewe huko, usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani.

2. Mkataba uko wapi? Usome kwa lugha unayoielewa: mshahara, saa za kazi, siku ya kupumzika, jina na anwani ya mwajiri. Ahadi ya mdomo haifiki uwanja wa ndege.

3. Nani analipia tikiti, viza na vipimo? Deni unaloondoka nalo litakufunga mikono utakapotaka kurudi.

4. Nakala ziko kwa nani? Nakala ya pasipoti na ya mkataba zibaki kwa mama au ndugu, pamoja na namba ya ubalozi wa Kenya wa nchi ile.

5. Yuko nani aliyerudi? Mtafute mtu aliyepitia wakala huyohuyo, umsikilize. Akina Joad walikutana na mtu kama huyo, lakini walikuwa wameshauza kila kitu na wako katikati ya njia.

Na kwa wale wanaobaki hapa wakifanya vibarua: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua, bali mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Kwa hiyo andika siku zako za kazi kwenye daftari, tarehe na jina la msimamizi. Kibarua cha zamani kilikuwa kikaratasi cha tajiri. Hiki kiwe chako wewe.

Dada mtu hajaondoka bado. Alikuja na mdogo wake kwenye kikao chetu, akanakili maswali yote matano, na sasa anangoja mkataba ulioandikwa. Wakala amemwambia anachelewesha mambo. Acha acheleweshe.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

- Katika mtaa wenu, nani leo anasimama langoni kungoja kuchaguliwa? Je, mnamjua kwa jina?
- Mshahara wa nani hapa kwetu unalipwa na "watu wawili"?
- Je, kuna mtu katika jumuiya yenu aliyerudi kutoka Ghuba? Mmewahi kumpa nafasi ya kueleza?