Alisingizia Msongamano wa Magari

Barua ilikuwa na aya tatu. Ilimtaka ajieleze, katika muda wa saa 48, ni kwa nini amechelewa kazini mara tisa mwezi huo. Rafiki yangu, mhasibu jijini Nairobi, aliikunja akaitia mkobani, pembeni mwa pakiti ya vidonge ambavyo hakuna mwenzake ofisini aliyejua anavimeza. Vidonge hivyo humlevya hadi asubuhi. Katika majibu yake aliandika: msongamano wa magari.

Namwelewa. Nani atamwambia bosi kwamba anahudhuria kliniki ya Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili? Hospitali hiyo ipo tangu 1910, na hadi leo kuna watu wanaolitumia jina lake kama tusi.

Lakini kwa jibu lile alijivua mwenyewe ngao ambayo sheria humpa mwenye ulemavu. Kesi ikifika mahakamani, mwajiri atasema hakujua, na atakuwa amesema kweli.

Tukisikia ulemavu, wengi wetu huona mkongojo. Katiba ya Kenya ya 2010 huona mbali zaidi. Kifungu cha 260 kinahesabu pia kasoro ya akili au ya kisaikolojia, hata maradhi, ikiwa athari yake katika shughuli za mtu za kila siku ni kubwa au ni ya muda mrefu. Hilo “au” lina uzito. Sheria ya Uingereza ya mwaka huohuo inataka yote mawili, na muda mrefu kwao ni miezi 12 au zaidi.

Kwa hiyo swali si ugonjwa unaitwaje. Majonzi ya siku chache baada ya msiba hayahesabiwi. Sonona inayomfanya mhasibu wa miaka kumi akodolee macho safu moja ya tarakimu tangu asubuhi hadi adhuhuri, asiweze kuijumlisha, hiyo ni habari nyingine.

Tena kifungu hicho kinasema inatosha hata kama ni sehemu kubwa ya jamii tu inayoamini kwamba hali hiyo ina athari hizo. Aliyepona, lakini akanyimwa cheo kwa kuwa aliwahi kuitwa kichaa, kwa maoni yangu naye yumo.

Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu, na ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, inamhakikishia mgonjwa siku saba tu za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi ipasavyo. Pengo hilo linaniuma.

Rafiki yangu alirudi kwa daktari, akaomba barua. Haikutaja ugonjwa. Ilieleza tu kwamba dawa zinamlevya asubuhi, ikaomba aanze kazi saa tatu na nusu badala ya saa mbili. Mwajiri alikubali. Siku hizi anatoka ofisini saa moja kasoro, na vitabu vya mwezi uliopita alivifunga siku mbili kabla ya tarehe.