Datsun 240Z na Porsche 911: Mshindi wa kona si mshindi wa bei

Katika soko la magari ya kale ya michezo, majina mawili ya miaka ya 1970 yanaendelea kuvuta fedha za wanunuzi: Datsun 240Z ya Japani na Porsche 911 ya Ujerumani. Magari hayo yanakaribiana kwa umri, kwa uzito na hata kwa idadi ya silinda. Yanapofika kwenye kona, hata hivyo, kila moja lina tabia yake. Yanapofika mnadani tofauti huwa kubwa zaidi, na haifuati ile ya kwenye kona.

Jambo hili lina maana kwa mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayefikiria kuweka akiba yake katika gari la kale badala ya hisa au kiwanja. Madalali wa magari haya hupenda kusema kwamba gari "linashika barabara" kana kwamba hiyo ni sababu tosha ya bei. Ukweli ni kwamba ushikaji wa barabara ni matokeo ya ufundi unaoweza kukaguliwa, wakati bei ina wazazi wengine.

Yalivyotengenezwa

Porsche 911 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963 na ikaanza kutengenezwa mwaka uliofuata. Injini yake ya silinda 6 zilizolala, inayopozwa kwa hewa, imewekwa nyuma kabisa, baada ya ekseli ya nyuma. Datsun 240Z ilitoka mwishoni mwa mwaka 1969, nyumbani Japani ikiitwa Fairlady Z. Yenyewe ina injini ya silinda 6 zilizojipanga mstari mmoja, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, iliyokaa mbele chini ya boneti ndefu, huku magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma.

Kwa vipimo vya karatasini, mnunuzi angeweza kudhani ni ndugu. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,305 kwa Datsun na milimita 2,268 kwa Porsche za kuanzia modeli ya 1969, tofauti isiyofika sentimita 4. Yote mawili yana uzito wa tani moja na kidogo, na kila gurudumu lina springi yake inayojitegemea.

Tofauti kubwa ilikuwa kwenye bei ya dukani. Mwaka 1970 Datsun 240Z iliuzwa Marekani kwa dola 3,526. Porsche 911T, iliyokuwa ya bei ya chini katika ukoo wa 911, ilizidi dola 6,000. Takwimu za nguvu nazo zahitaji uangalifu. Datsun ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha Marekani cha wakati ule, na 911T ya lita 2.2 nguvu 125 kwa kipimo cha Kijerumani, ambacho ni kikali zaidi. Kulinganisha namba hizo moja kwa moja ni sawa na kulinganisha ratili na kilo.

Kwenye kona

Siri ya 911 ni mahali uzito ulipo. Kwa kuwa injini inakalia magurudumu yanayosukuma, gari halitelezi kirahisi linapoondoka, na dereva anaweza kukanyaga mafuta mapema akitoka kwenye kona. Usukani nao ni mwepesi kwa sababu mbele hakuna mzigo mkubwa. Breki ni za diski kwenye magurudumu yote manne.

Uzito huo huo ndio hatari yake. Dereva aliyeingia kwenye kona kwa kasi, akaogopa na kuachia mafuta ghafla, huufanya uzito uhamie mbele. Tairi za nyuma hupungukiwa na mshiko, na injini iliyoning'inia nyuma huvuta mkia wa gari nje ya kona kama jiwe lililofungwa kwenye kamba. Likianza kuserereka hivyo, kulirudisha kwahitaji mikono yenye uzoefu. Ndiyo maana wajuzi wa 911 hufunga breki gari likiwa bado limenyooka, huingia pole pole, kisha hukanyaga mafuta hadi mwisho wa kona.

Porsche wenyewe walilijua tatizo hilo na walitumia miaka kulipunguza. Kuanzia mwaka 1966 waliweka vipande vya chuma vya kilo 11 hivi kila kimoja kwenye ncha za bampa ya mbele ili kuongeza uzito upande huo. Kwa modeli ya 1969 walisogeza magurudumu ya nyuma kwa milimita 57, wakaweka betri mbili ndogo kwenye pembe za mbele. Carrera RS 2.7, iliyouzwa kama modeli ya 1973, ilipewa magurudumu ya nyuma mapana kuliko ya mbele na bawa dogo nyuma lililofanana na mkia wa bata.

Datsun haina mitihani hiyo. Uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Ikiingia kwenye kona kwa kasi mno, kwanza hupanua njia yake kwa kusukuma pua nje, jambo ambalo dereva wa kawaida hulitambua na kulisahihisha kwa kupunguza mwendo. Akikanyaga mafuta mengi, mkia huanza kuteleza kidogo kidogo, si kwa ghafla. Kwa maneno mengine, gari hutoa taarifa kabla ya kudai malipo.

Lakini nayo ina upungufu wake. Breki za nyuma ni za dramu. Kwenye mwendo mkubwa upepo huinua pua, usukani ukawa mwepesi na gari likaanza kuyumba. Wamiliki wengi hufunga ubao wa kuzuia upepo chini ya bampa ya mbele. Na dereva mahiri katika kona nyingi za lami atagundua kwamba 911 inaweza kutoka mapema na kwa nguvu zaidi.

Hesabu ya Safari Rally

Mabishano ya aina hii mara nyingi huishia mezani, lakini magari haya mawili yalipimwa hadharani. Kwenye barabara za Ulaya, Porsche ilikuwa juu. Ilishinda Monte Carlo Rally miaka 3 mfululizo: 1968 kwa Vic Elford, kisha 1969 na 1970 kwa Björn Waldegård. Mwaka 1972 mashindano hayo yaliyaweka magari yote mawili jukwaani: Gérard Larrousse alikuwa wa 2 katika 911 na Rauno Aaltonen wa 3 katika 240Z, nyuma ya Lancia ya Sandro Munari.

Afrika Mashariki ilitoa jibu jingine. Katika Safari ya mwaka 1971, Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, alishinda kwa Datsun 240Z, na Shekhar Mehta akamfuata katika gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe kwa 240Z, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine na kutenganishwa kwa kanuni za mashindano. Porsche 911 ilimaliza ya 2 mwaka 1972, ikawa ya 2 mwaka 1974, na tena ya 2 mwaka 1978. Katika enzi hizo haikupata kombe.

Itakuwa kosa kusema ushindi huo ulitokana na ushikaji wa barabara peke yake. Safari ilikuwa mashindano ya maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na tope la msimu wa Pasaka, na kuvumilia kulihesabiwa kabla ya kasi. Ila hapo ndipo gari lisilomshtua dereva aliyechoka linapokuwa na thamani ya pekee.

Mizani iligeuka baadaye. Katika Safari Classic, mashindano ya magari ya kale yaliyoanza mwaka 2003, Waldegård alishinda mwaka 2011 kwa Porsche 911, na Stig Blomqvist akafanya vivyo hivyo mwaka 2015. Barabara zilikuwa za ukanda ule ule na umbo la gari lile lile. Kilichobadilika ni maandalizi ya mafundi waliokwisha jifunza gari hilo linavunjikia wapi.

Mnadani

Kama ushindi wa Safari ndio ungepanga bei, Datsun ingekuwa juu. Haiko hivyo. Mwezi Januari 2020, Datsun 240Z ya mwaka 1971 iliyotunzwa vizuri iliuzwa dola 310,000 katika mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer nchini Marekani. Ilikuwa bei ya kushangaza kwa gari la aina hiyo, lakini ilikuwa ya gari moja, si ya soko zima. Upande wa pili, mwezi Agosti 2011, Porsche 911S ya mwaka 1970 iliuzwa Monterey, California, kwa dola milioni 1.375.

911S hiyo haikushika barabara kuliko dada zake zilizotoka kiwandani siku ile. Ilitumika katika filamu ya Le Mans na ilikuwa ya mwigizaji Steve McQueen. Mnunuzi alilipia jina na karatasi za kuthibitisha jina hilo.

Uhaba ni sababu nyingine. Carrera RS 2.7 zilitengenezwa 1,580 tu. Datsun ya umbo la 240Z, pamoja na wadogo zake 260Z na 280Z, iliuzwa zaidi ya 500,000 hadi mwaka 1978. Hata 911 za mwanzo kabisa, zenye ekseli zilizokaribiana na tabia ngumu zaidi kwenye kona, hutafutwa sana na wakusanyaji kwa sababu ni chache. Hapo soko hulipia zaidi gari lenye ushikaji duni.

Tatu ni mwendelezo. Porsche haijaacha kutengeneza 911. Mwaka 2017 ilitoa ya milioni 1. Injini za kupozwa kwa hewa zilikoma mwaka 1998, na tangu hapo kila ya zamani ikawa ya kundi lisiloongezeka. Jina linalotangazwa kila mwaka huibeba bei ya magari ya jana.

La kukagua kabla ya kulipa

Kwa mnunuzi mwenye mtaji mdogo, somo ni kutenganisha mambo mawili: gari la kuendesha na gari la kuuza. Anayetaka kuendesha atapata katika 240Z nzima raha nyingi kwa fedha kidogo zaidi, na usalama zaidi kama mikono yake si ya mashindano. Adui yake ni kutu. Chesisi na sakafu zikiliwa, bodi hulegea, na hakuna springi mpya itakayorudisha tabia ya gari. Fundi akague pia mpira wa maungio na pini ndefu za mikono ya chini ya nyuma, ambazo hukwama na kumaliza siku nzima ya kazi.

Kwa 911, akague mahali mikono ya mbele inaposhikwa na bomba linalobeba fito za springi za nyuma. Bodi zilizopakwa zinki kote zilianza na modeli ya 1976, hivyo za kabla ya hapo ziogopwe zaidi. Tairi zenye umri tofauti mbele na nyuma, au magurudumu yasiyopimwa, huligeuza gari hili kuwa la hatari hata kwa mjuzi.

Anayetaka kuuza akumbuke kwamba gari halitoi gawio wala kodi ya pango. Lina bima, hifadhi, vipuri vya kuagizwa, ada ya mnada na ushuru wa kuliingiza nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za magari ya kale ya michezo zilipaa. Kuanzia mwaka 1990 zikaporomoka, na walionunua kwa mikopo ndio waliouza kwa hasara.

Mwekezaji asiye na karatasi za historia ya gari, asiye na fundi anayelijua na asiye na uwezo wa kusubiri, hana biashara katika mnada huo. Mwenye navyo vyote vitatu apime bei kwa uhaba na kumbukumbu za gari, kisha alipeleke kwenye kona pole pole, hasa kama injini iko nyuma.