Mapambo na Zawadi Zitokazo Mpakani mwa Shamba

Nyumba haipambwi kwa fedha peke yake. Mgeni akaribishwapo ndani, macho yake hutangulia kabla ya ulimi: huona kama sakafu imefagiwa, kama meza ina kitambaa, na kama ukutani pana kitu cha kupendeza. Watu wengi hudhani kwamba mapambo hayo hayana budi kununuliwa dukani. Mkulima huuza mahindi yake akanunua maua ya plastiki yasiyonukia, na karani arudipo nyumbani kwa likizo hubeba zawadi iliyotengenezwa na mashine katika nchi ya mbali. Kumbe katika mpaka wa shamba umesimama mkonge, nyuma ya nyumba ipo migomba, na juu ya ua kimetambaa kibuyu. Hivi vyote vyaweza kuwa pambo la nyumba au zawadi ya heshima, tena kwa gharama ndogo mno.

Lakini yafaa jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Kazi hizi ni nyepesi kwa mikono, wala hazihitaji chombo kikubwa. Ila haziwezi kufanywa kwa haraka. Mara nyingi kazi ya mkono ikiharibika, kosa halikutokea wakati wa kusuka au kuchora. Lilitokea siku nyingi kabla, wakati wa kuandaa nyuzi, kukausha majani au kungoja kibuyu kikomae. Mwenye kulijua hilo amekwisha kushika nusu ya ufundi.

KUTOA KATANI KWA MKONO

Mkonge si mmea wa asili wa Afrika. Kwao ni Mexico. Katika mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dokta Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani, nayo iliyofika Tanga ingali hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yalitokea mashamba makubwa ya Tanganyika, na baadaye mmea huo ukaenea Kenya pia, hata ukawa ua wa mipaka na kizuizi cha mmomonyoko wa udongo. Kabla ya hapo akina mama wa Kikuyu na wa Kikamba walisokota nyuzi za magome ya vichaka vya porini, na katika sehemu kavu za Ukambani walitumia gome la ndani la mbuyu. Ufundi wa kiondo, basi, ni mkongwe kuliko katani yenyewe.

Majani ya kukata ni yale ya chini yaliyokomaa, siyo yale machanga yaliyosimama katikati. Miiba ya pembeni na ule wa nchani iondolewe kwanza, kisha jani lipasuliwe kwa urefu kuwa vipande vyembamba. Kila kipande hulazwa juu ya ubao na kukwanguliwa kwa kisu butu mpaka nyama yote ya kijani itoke, zikabaki nyuzi peke yake. Kisu kikali hakifai, maana hukata nyuzi. Maji ya mkonge huwasha ngozi; kwa hiyo ni vizuri kuvaa nguo yenye mikono mirefu na kuwaweka watoto wadogo mbali. Wala maji hayo yasimwagwe mtoni, kwa kuwa hudhuru samaki.

Hapa ndipo haraka ya kwanza huleta hasara. Nyuzi zisiposafishwa kwa maji safi siku ile ile, mabaki ya kijani hukauka juu yake, na doa lake halitoki tena. Zioshwe mara mbili au tatu, zianikwe juani mpaka ziwe nyeupe, kisha zichanwe. Mtu asishangae akiona rundo kubwa la majani limetoa nyuzi kidogo: katika kilo 100 za majani mabichi hupatikana kilo 4 tu hivi za katani. Kwa kitanga kimoja cha mezani majani machache yatosha.

KITANGA CHA KUWEKEA SUFURIA

Mtu asiyepata kusuka asianze na kiondo kizima. Na aanze na kitako chake tu, kwa sababu kitako cha kiondo kikiishia pale pale huwa kitanga cha mviringo, kizuri kwa kuweka sufuria ya moto au kwa kutandika chini ya taa.

Nyuzi husokotwa pajani kwa kiganja: mafungu mawili membamba husokotwa kila moja peke yake, kisha huachwa yajizungushe pamoja yakawa kamba moja. Kamba iwe na unene mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Hili ndilo jaribio la uvumilivu. Zikatwe kamba 16, kila moja sentimita 45. Nane hulazwa wima, na nane nyingine hupita juu yake katikati kwa mkingamo, hata ncha 32 zikaelekea pande zote kama miale ya jua. Kisha huchukuliwa kamba mbili ndefu, nyembamba zaidi, zikazungushwa kuanzia katikati: moja hupita mbele ya ncha, nyingine nyuma yake, nazo hupishana kabla ya kufika ncha ifuatayo. Katika duru za kwanza ncha hushikwa nne nne, baadaye mbili mbili, na mwisho moja moja. Nafasi zikianza kuwa pana, kamba mpya huongezwa kati yao.

Kila duru ivutwe kwa nguvu ile ile. Ikivutwa mno, kitanga hukunjamana kama bakuli. Ikilegezwa, hupanda na kushuka kama mawimbi. Kipimo kifikapo sentimita 25 toka ukingo hata ukingo, ncha zilizobaki hurudishwa ndani ya msuko kwa sindano ya gunia, na mabaki hukatwa. Mwenye kutaka kiondo huacha kuongeza kamba mpya kitako kifikapo upana autakao, akaendelea kuzunguka kwa kamba ndefu zaidi. Kuta zitasimama zenyewe.

RANGI ZISIZODANGANYA

Rangi hutiwa katika nyuzi kabla ya kusuka. Majani ya chai yaliyochemshwa sana hutoa rangi ya kahawia, na maganda makavu ya vitunguu hutoa manjano yenye wekundu. Bizari ya manjano hung'aa siku ya kwanza na kumfurahisha kila mtu, lakini ikikaa juani hufifia upesi. Kwa kitu cha kutoa zawadi haifai.

Nyuzi ziloweshwe kwanza katika maji yenye shabu kidogo, ili rangi ipate kushika. Kisha zitiwe katika sufuria ya rangi, zichemke polepole kwa muda wa saa moja, na ziachwe humo humo mpaka zipoe. Atakayezitoa zingali moto ili awahi kusuka atapata rangi ya mabaka. Zikishaoshwa, zikaushwe kivulini. Sufuria ya kutilia rangi isirudishwe tena kupikia chakula.

KIBUYU CHA UKUTANI

Kibuyu hakichumwi kwa sababu kimekuwa kikubwa. Huchumwa wakati kikonyo chake kimekauka na ganda limekuwa gumu. Kilichochumwa kibichi husinyaa na kuoza. Kisha huwekwa mahali penye hewa, pasipo mvua, kwa muda wa majuma kadhaa au hata miezi. Ukungu ukitokea juu ya ngozi si dalili ya kuharibika. Hufutwa kwa kitambaa, na kukausha kukaendelea. Kibuyu kilichokuwa tayari ni chepesi, na kikitikiswa mbegu hulia ndani yake.

Hapo mdomo hukatwa kwa msumeno mdogo, mbegu hutolewa, na maji pamoja na kokoto safi hutiwa na kutikiswa mpaka nyama yote kavu itoke. Nje hulainishwa kwa msasa. Michoro huanza kwa penseli, kisha hupitiwa kwa msumari wenye mpini wa mti uliotiwa moto mpaka ukawa mwekundu. Wakamba wana sifa ya siku nyingi katika kupamba vibuyu kwa nyota, wanyama na mistari. Anayejifunza na aanze na mistari na pembe tatu tu. Mchoro mchache ulionyooka hupendeza kuliko twiga aliyepinda shingo.

Kibuyu cha namna hii chafaa kuwa chombo cha maua makavu au cha kutundika ukutani. Lakini onyo moja litiliwe maanani. Vibuyu vingine vina uchungu, na uchungu huo ni sumu. Kibuyu cha maziwa hutayarishwa kwa utaratibu wake peke yake, kama Wakalenjin wanavyoisafisha sotet yao na kuipaka ndani mkaa wa mti uliochaguliwa. Kibuyu cha mapambo kilichopakwa vanishi kisitiwe maziwa wala uji hata siku moja.

KADI ZA MIGOMBA

Kwa karani akaaye katika chumba kimoja mjini, asiye na nafasi ya kukwangua mkonge, ipo kazi ndogo zaidi. Maganda makavu ya nje ya shina la mgomba yana rangi nyingi: nyeupe ya maziwa, kahawia, hata karibu na nyeusi. Akienda nyumbani anaweza kukusanya mfuko mmoja ukamtosha mwaka mzima.

Maganda hufutwa vumbi kwa kitambaa kibichi, hunyooshwa, na kulazwa kati ya magazeti chini ya vitabu vizito kwa siku tatu au nne. Yakiwa makavu kabisa hukatwa kwa mkasi katika umbo la nyumba, mlima, mti au mwanamke aliyebeba kuni, na kubandikwa juu ya karatasi ngumu kwa gundi nyembamba ya unga wa ngano. Ganda lililobandikwa likiwa na unyevu hujikunja na kuota ukungu, nayo kadi ya Idi au ya Krismasi hufika kwa mwenyewe ikiwa imeharibika. Lililokauka vema hudumu miaka.

FUNZO KUTOKA PWANI

Watu wa pwani wamelihifadhi jambo hili katika kazi ya mikeka. Mwanamke wa Lamu au wa Pemba hachukui jani la mkindu akaanza kulisuka. Ukindu huanikwa, huchanwa kwa upana mmoja, sehemu yake huchemshwa katika rangi, na ndipo husukwa kuwa ukili, ambao ni utepe mrefu. Kuta za ukili hushonwa ubavu kwa ubavu hata zikawa mkeka. Kwa kuwa ukili huweza kusukwa kidogo kidogo, kazi hiyo huendelea katikati ya mazungumzo na shughuli nyingine, na hakuna siku inayopotea. Utaratibu huo wawafaa wote: nusu saa kila jioni huzaa mkeka, na siku moja ya pupa huzaa uchovu.

IKIWA NI KAZI YA KUUZA

Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, kazi za mikono zilikuwa miongoni mwa mafundisho ya vilabu vyake, na tangu siku hizo akina mama wengi wamelipa karo za watoto kwa vitu walivyosuka. Katika miaka ya 1970 na ya 1980 kiondo kilipata wanunuzi wengi Ulaya na Marekani. Baadaye vikapu vya kuiga, vilivyofumwa kwa mashine katika nchi za Asia, vikaingia katika soko lile lile kwa bei ndogo, na wasukaji wa Kenya wakapata hasara. Tarehe 28 Agosti 2017 ndiyo iliyoleta mlango mpya nyumbani, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na watu wakarudi kutafuta kikapu cha kwenda nacho sokoni.

Msukaji hawezi kuishinda mashine kwa wepesi wala kwa urahisi wa bei. Aweza kuishinda kwa uimara tu: kamba iliyosokotwa sawasawa, rangi isiyochujuka, na mpini usiong'oka mzigo wa viazi ukitiwa. Mnunuzi aliyeudhika mara moja hamlaumu msukaji mmoja. Huwakataa wasukaji wote wa soko lile. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa anayetaka kuanza, wakati mzuri ni ule wa jua kali baada ya mavuno, ambapo mikono ina nafasi na nyuzi hukauka bila kuviziwa na mvua. Akate majani machache ya mkonge, atoe katani, asuke kitanga kimoja. Hicho cha kwanza, hata kikiwa kimepinda, akiweke katika meza yake mwenyewe na kukitazama kila siku ili ajue alipokosea. Cha pili ndicho cha kumpelekea mama au mkwe. Haraka haraka haina baraka. Na zawadi iliyotengenezwa kwa saburi humwambia aipokeaye kwamba alikumbukwa kwa siku nyingi, si kwa dakika moja ya kusimama mbele ya kaunta ya duka.