Rafu ya Wetu, Rafu ya Wao

Shabiki wa Arsenal aliyekuwa na akili zake mwaka 2003, awe anaishi Makongeni mjini Thika au Kihunguro kule Ruiru, hahitaji kukumbushwa uso wa beki wao Martin Keown. Ilikuwa tarehe 21 Septemba, uwanjani Old Trafford. Hakuna aliyekuwa amefunga, na Arsenal walikuwa wamebaki kumi baada ya Patrick Vieira kuonyeshwa nyekundu. Dakika za mwisho, Manchester United wakapewa penalti. Ruud van Nistelrooy akaupiga mpira, ukagonga mwamba. Kipenga cha mwisho kilipolia, Keown aliruka juu mikono imetanda, akamshukia mshambuliaji huyo huku akimfokea.

Zaidi ya miaka 20 imepita na picha hiyo bado inagawanya meza za baa. Kwa wa Arsenal, Van Nistelrooy alikuwa amemponza Vieira kwa kujifanya ameumizwa, kwa hiyo alipata alichokitafuta. Kwa wa United, ule ulikuwa uhuni wa kumzonga mtu aliyekwisha kuanguka moyo. Chama cha soka cha Uingereza kilimfungia Keown mechi 3 na mwenzake Lauren mechi 4, kisha kikaitoza klabu faini ya pauni 175,000. Mtajie wa Arsenal adhabu hizo, naye atakujibu kwamba timu yake ilimaliza ligi ya msimu ule bila kushindwa hata mara moja.

Watu hudhani ubishi wa aina hii ni wa maoni tu, yaani wote wameona kitu kimoja na sasa wanapima tofauti. Wanasaikolojia wana maelezo mengine, na wameyatoa kwa miaka 70: mashabiki wawili hawakuona kitu kimoja tangu mwanzo.

Ushahidi unaotajwa zaidi ulitokana na mechi ya soka ya Kimarekani kati ya vyuo vikuu vya Princeton na Dartmouth, mwezi Novemba 1951. Nyota wa Princeton, Dick Kazmaier, alitolewa akiwa amevunjika pua. Baadaye mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Kila chuo kilirudi nyumbani kikidai kimeonewa. Albert Hastorf wa Dartmouth na Hadley Cantril wa Princeton waliwaonyesha wanafunzi wa pande zote mbili filamu ileile ya mchezo, wakawaomba waandike kila rafu waliyoiona. Wale wa Princeton walihesabu, kwa wastani, rafu 9.8 za Dartmouth. Wale wa Dartmouth, wakitazama wachezaji walewale kwenye filamu ileile, walihesabu 4.3. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Ndani yake kuna kisa kitamu cha mtu aliyewahi kusoma Dartmouth ambaye, baada ya kutumiwa filamu na kuzikosa rafu zote alizosikia zikisimuliwa, alituma simu ya maandishi akiomba apelekewe kipande kilichokatwa. Hakuna kilichokuwa kimekatwa.

Huyo bwana hakuwa mwongo. Jicho la shabiki huchagua pa kutua: hufuata jezi yake, hutangulia kuogopa madhara yake, na hukosa mguu wa mtu wake unapochelewa nusu sekunde. Kumwita mpenzi wa timu pinzani mnafiki, kama inavyofanywa kila wikendi kando ya barabara ya Thika, ni kukosea ugonjwa. Mnafiki anajua ukweli akauficha. Huyu hana cha kuficha.

Je, refa naye? Mwaka 2002, Alan Nevill na wenzake walichapisha jaribio lililowahusisha marefa 40 waliotazama video ya mechi kati ya Liverpool na Leicester City. Baadhi yao waliisikia kelele ya mashabiki, wengine waliitazama kimya. Waliosikia kelele walihesabu rafu za wenyeji pungufu kwa asilimia 15.5. Mayowe, basi, yana kazi. Anayepiga kelele katika uwanja wa Thika, Bidco United wakicheza mbele ya watu wachache, anafanya kitu halisi hata kama yeye anajiona anajiburudisha tu.

Yote hayo hutokea katika mechi ya kawaida. Katika mchujo huzidi. Kenya inaujua mchujo kwa sura yake ya kutisha: timu ya ligi kuu iliyo ukingoni hukutana na timu ya daraja la chini, nyumbani na ugenini, na atakayeshindwa hupoteza mwaka mzima. Mwaka 2019 Posta Rangers walinusurika hivyo mbele ya Nairobi Stima. Mwaka uliofuata Kisumu All Stars waliangushwa na Vihiga United. Mechi ya kwanza huacha deni na ya pili huja kulidai. Thika nayo inajua uzito wa kushuka: Thika United, iliyoanza maisha yake ikiitwa Brookside, iliteremka mwaka 2018, na mji uliokuwa na mechi za ligi kuu mlangoni ukabaki kwa muda kuzitazama kwenye skrini.

Sasa chukua mechi hizo mbili uzifanye hadi saba. Ndivyo ulivyo mchujo wa ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, ambako timu mbili hukutana mpaka moja ishinde mara nne, zikigongana kila baada ya siku moja au mbili kwa takriban majuma mawili. Mchezo huo si mgeni kabisa hapa. Ukitoka Ruiru ukashika Eastern Bypass hadi Barabara ya Mombasa, utafika karibu na hoteli ya Panari, na humo ndani mna uwanja wa barafu ambako timu ya Kenya, Ice Lions, ilikulia. Mwaka 2018 vijana hao walipelekwa Kanada wakacheza wakiwa na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Kabla ya safari ile ya Kanada, Ice Lions walikuwa na taabu moja: nyumbani hawakuwa na timu ya kushindana nayo, ikawabidi wajigawe wacheze wao kwa wao. Walikuwa na mchezo, hawakuwa na hasimu.

Hoki huruhusu kumgonga mpinzani kwa bega. Wachezaji wakitwangana ngumi, kwa kawaida kila mmoja hutolewa dakika 5 kisha hurudi. Mpaka wa rafu kwa hiyo uko mbali kuliko katika kandanda, na ukivukwa, umevukwa kweli. Tarehe 29 Mei 1996, katika mechi ya sita ya mchujo, Claude Lemieux wa Colorado Avalanche alimsukuma kwa nyuma Kris Draper wa Detroit Red Wings, uso ukapiga ukuta wa pembeni. Taya la Draper lilivunjika, na mfupa wa shavu, na pua. Detroit, waliokuwa wameshinda mechi 62 msimu ule, walitolewa usiku huohuo. Lemieux alifungiwa mechi 2 na akanyanyua kombe.

Kilichowakera watu wa Detroit zaidi kilikuwa mkono. Katika hoki, mfululizo wa mchujo ukiisha, timu mbili hupanga mistari na kila mchezaji hupeana mkono na kila mpinzani. Wenzake Draper waliushika mkono wa Lemieux kabla ya kuuona uso wa mwenzao vizuri. Walijiona wamepunjwa: wametoa salamu ya kufunga ugomvi ilhali ugomvi haujafungwa. Miezi 10 baadaye, tarehe 26 Machi 1997, timu hizo zilipokutana Detroit, Darren McCarty alimkamata Lemieux akamshindilia ngumi, na hata makipa, Patrick Roy na Mike Vernon, wakapigana katikati ya uwanja. McCarty hakutolewa. Ndiye aliyefunga bao la ushindi muda wa ziada. Wa Detroit husimulia usiku ule kama haki iliyotendeka. Wa Colorado husimulia shambulio. Dartmouth na Princeton tena, safari hii damu ikiwa juu ya barafu.

Ule mstari wa mikono una ndugu yake huku kwetu. Tanzania, Simba na Yanga ni watani wa jadi. Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards ni mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana vizazi kwa vizazi. Neno hilo si pambo la magazeti. Shemeji ana ruhusa ya kukuchokoza mbele ya watu, kukunyima usingizi kwa maneno, kukudai kuku ambaye hajawahi kukukopesha, na wewe huruhusiwi kununa. Utani hutengeneza mahali ambapo uadui unaweza kusemwa wote ukaisha kwa kicheko. Wa Leopards, yaani Ingwe, na wa Gor, yaani K'Ogalo, wanaoteremka pamoja kutoka Thika kwenda Kasarani wanabeba kanuni hiyo ndani ya matatu moja, na mara nyingi inatosha.

Haitoshi pale mchezaji anapoumiza mwili. Tarehe 18 Machi 2012, uwanjani Nyayo, Ali Abondo wa Gor Mahia alimchezea vibaya Amon Muchiri wa AFC Leopards, refa akatoa kadi nyekundu. Mawe yakaruka. Mechi ilisimama kwa zaidi ya dakika 25, mali ikaharibiwa, na baadaye bodi iliyosimamia viwanja ikawafungia Gor milango ya Nyayo na City. Kadi iliyokusudiwa kutuliza ndiyo iliyowasha moto, kwa sababu upande mmoja ulikuwa haujaiona rafu yenyewe kama rafu. Utani una maneno ya kila aina, lakini hauna neno la mguu uliokanyagwa.

Mambo hayo yanaweza kufika pabaya zaidi ya mawe. Mei 2022, Nazem Kadri wa Colorado, Mwislamu mwenye asili ya Lebanoni aliyezaliwa Ontario, aligongana na kipa wa St. Louis, Jordan Binnington, akiwania kisahani kinachochezewa hoki mbele ya lango. Kipa akaumia. Kadri hakuadhibiwa kwa tukio hilo, ila mwaka mmoja nyuma alikuwa amefungiwa mechi 8 kwa kumgonga mchezaji wa timu hiyohiyo. Sifa yake ikamtangulia. Alipokea matusi ya ubaguzi na vitisho, polisi wakaarifiwa. Mechi iliyofuata alifunga mabao matatu, na kiangazi kile alilipeleka kombe la ubingwa katika msikiti wa mji aliozaliwa. Rekodi ya mchezaji ni jambo halali kujadiliwa. Dini yake na rangi yake si sehemu ya rekodi, na shabiki anayezichanganya ameacha kuzungumzia mchezo.

Kuna linaloweza kufanywa. Tangu 2011 ligi ile ya hoki hutoa video kila inapomfungia mchezaji: tukio huonyeshwa polepole, kanuni husomwa, sababu ya idadi ya mechi hutajwa. Haiponyi macho ya mashabiki, lakini huwapa wote mwanzo mmoja wa kubishania. Ligi ya Kenya ingenufaika sana na dakika tatu za namna hiyo, kwa Kiswahili, zikitumwa kwenye simu za watu kabla uvumi haujatangulia.

Mpaka kati ya "sisi" na "wao" nao husogea upesi kuliko watu wanavyoamini. Tarehe 10 Agosti 2025, uwanjani Kasarani, timu ya taifa, Harambee Stars, waliongoza Moroko kwa bao la Ryan Ogam, kisha Chrispine Erambo akaonyeshwa nyekundu kabla ya mapumziko. Wachezaji kumi walilinda bao hilo kipindi chote cha pili. Jukwaani, wa K'Ogalo na wa Ingwe walikuwa na adui mmoja na rafu moja ya kuitetea.

McCarty na Lemieux, miaka mingi baadaye, walikubali kukaa meza moja kuwasainia mashabiki picha za ule ugomvi wao. Kwenye matatu ya kutoka Ruiru kwenda Thika siku ya Jumatatu, upatanisho hauhitaji meza. Simu moja hupita mikono miwili, video ya rafu ya jana ikichezwa tena na tena. Mmoja huisimamisha mguu ukiwa umenyanyuka. Mwenzake humpokonya, akairudisha nyuma sekunde mbili, hadi pale jezi ilipovutwa, kisha akasema: "Anzia hapa, shemeji."