Mito ya Unyanyembe na Konokono Wangojao Mvua

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19 haikupangiwa vituo na umbali peke yake, bali na maji. Tabora, iliyoitwa Kazeh na Burton na Speke walipofika mwezi Novemba 1857, ilikuwa kituo kikuu cha Unyanyembe. Palipokusanyika wapagazi kwa mamia, maradhi nayo yalipata mwanya. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, akaufuatilia ugonjwa huo katika njia za biashara.

Nchi ya Wanyamwezi ni mgawanyiko wa maji. Igombe, Wala na Ugalla huelekea magharibi, hadi bonde la Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Manonga na Wembere, upande wa Nzega na Igunga, huishia katika maziwa ya ndani yasiyo na njia ya kwenda baharini. Mingi ya mito hiyo hutiririka majira ya mvua tu, takriban Novemba hadi Aprili. Kiangazi hubakia madimbwi, pamoja na visima vifupi vichimbwavyo katika mchanga wa mto.

Madimbwi hayo ndiyo yamhusuyo tabibu. Konokono wa jamii ya Bulinus, wabebao kichocho cha mkojo, huweza kujificha ndani ya tope linalokauka na kuamka mvua zikirudi. Mtu mwenye minyoo akikojoa majini, mayai huanguliwa na viluwiluwi humwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa hutoka vimelea wenye mkia, kwa wingi zaidi mchana wa jua kali, wakaipenya ngozi ya mwogaji au mfuaji. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtu na maambukizo mapya. Kwa wanawake ugonjwa hufika hata kwenye shingo ya kizazi, na damu itokayo hudhaniwa kuwa dalili ya maradhi ya zinaa. Wengi hutibiwa kisicho chao, wakabaki na aibu isiyo yao pia.

Wanasayansi nao wamepata njia nyepesi ya kuusoma mto. Kipimo kiitwacho TARISS, kilichotungwa na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzake na kuchapishwa mwaka 2015, hutumia wavu, sinia na macho. Wadudu wa maji wasiovumilia uchafu hupewa alama za juu. Funza wekundu wa matopeni, wanaostahimili karibu kila kitu, hupata za chini. Hata wanafunzi wa sekondari wangeweza kujifunza misingi yake. Hata hivyo kipimo hicho ni cha mito itiririkayo, si cha dimbwi lililotuama, wala hakithibitishi kuwa maji yanafaa kunywewa. Bakteria wa kinyesi hawaonekani sinini.

Sasa bomba la Ziwa Victoria, lianzialo Ihelele mkoani Mwanza, limefika Tabora, Nzega na Igunga. Ni neema kubwa, ila haiwafikii wote, na mtoto mwenye bomba nyumbani bado huenda kuogelea. Kingo nazo zinapoteza miti, kwani tumbaku ya Tabora hukaushwa kwa kuni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini mita hizo hazina mlinzi kila mahali.

Katika zahanati, swali moja hugharimu dakika moja tu: mgonjwa huyu huoga wapi, na saa ngapi? Asiye na maji mengine huweza kuyateka bila konokono na kuyaweka siku mbili kamili katika chombo kilichofunikwa, muda ambao vimelea wa kichocho hufa. Hapo yatafaa kuoga. Ya kunywa yachemshwe.