Je, Wajua? Baa Kongwe za Uingereza: Milango, Vioo na Kasuku Mmoja

Je, wajua kwamba baa kongwe ya mjini Uingereza husomwa kuanzia mlangoni? Kabla hujaagiza chochote, hesabu milango. Baa ya enzi ya Malkia Victoria iliyosalimika huwa na miwili, mitatu, hata zaidi, na kwenye vioo vyake mara nyingi bado yamo maandishi yaliyowapanga wateja: huku vibarua, huku wenye tai na kofia. Ndani kaunta ilikuwa moja, na aliyemimina alikuwa yuleyule. Kilichotofautiana ni bei. Upande wa wenye nazo, penye zulia na viti vya kuegemea, glasi iliuzwa ghali kidogo. Kilicholipiwa hapo hakikuwa bia, bali kutokaa bega kwa bega na mtu aliyeshinda akibeba makaa.

Je, wajua kwamba mlango mmoja ulikuwa wa wanaobeba nyumbani? Watoto walitumwa na jagi, wakajaziwa, wakarudi nalo kwa baba. Mwaka 1901 sheria ikakataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 14, isipokuwa kwa chombo kilichozibwa na kutiwa lakiri. Yeyote aliyewahi kumtuma mtoto maziwa anajua kwa nini: jagi lililo wazi hupungua njiani.

Je, wajua kwamba palikuwa na dirisha la kuficha sura? Nenda The Lamb, mtaa wa Lamb's Conduit, London. Juu ya kaunta, usawa wa uso wa mtu mzima, utaona safu ya vioo vidogo vyenye nakshi, kila kimoja kwenye fremu yake ya mbao na ekseli yake. Mteja alikizungusha, akaagiza, akapitisha mkono kuchukua glasi, kisha akakifunga. Mhudumu alisikia sauti na kuona vidole, basi. Bwana mkubwa aliweza kunywa na asiyepaswa kuonekana naye, na kesho yake mhudumu akaapa kwa haki kabisa kwamba hakumwona. Vioo hivyo vimebaki katika baa chache mno, na kwangu mimi ni sababu tosha ya safari kuliko saa ya Big Ben.

Prince Alfred, Maida Vale, nako kuna vioo hivyo, na kuna kioja kingine: kuta za mbao zinazogawa baa vyumbavyumba, na chini ya kila ukuta kijilango kifupi. Vilitengenezwa kwa ajili ya wahudumu na wafagiaji. Leo mteja mwenye kiu huinama, glasi mkononi, akavuka kwenda kwa jirani. Mrefu hujuta.

Je, wajua ni nani aliyebomoa vyumba hivyo kwingineko? Kwanza mahakimu wa leseni. Mwishoni mwa karne ya 19 walilalamika kwamba mwenye baa hawezi kuona yanayotendeka nyuma ya mbao, na mengi yalitendeka. Baadaye, hasa miaka ya 1960 na 1970, wenye viwanda vya bia wakamalizia kazi: kuta zikang'olewa, ukumbi ukawa mmoja mpana. Ndiyo maana baa isiyoguswa ni adimu. Ukiuliza maoni yangu, nyingi za zilizopona hazikuokolewa na mapenzi ya mtu kwa historia. Zilipona kwa sababu mwenyewe hakuwa na pesa za fundi, au alikuwa mbishi.

Baa ya Princess Louise, High Holborn, ilikwenda kinyume. Sehemu zake za ndani, vigae, vioo na yote, ni za mwaka 1891. Vyumba vyake vilishaondolewa, lakini mwaka 2008 kampuni inayoimiliki ikavirudisha. Ukiingia leo unapita ujia mwembamba kando ya vyumba vidogo, kila kimoja na mlango wake, na kaunta iko katikati kama kisiwa.

Je, wajua kwa nini baa hizo zimejaa vioo vikubwa namna ile? Sababu moja ni kodi. Hadi 1845 serikali ya Uingereza ilitoza ushuru kwenye vioo. Ulipofutwa, wenye baa wakapata njia ya kung'arisha ukumbi uliomulikwa kwa taa za gesi: kila taa ikaonekana mbili. Mfanyakazi aliyeishi chumba kimoja chenye unyevu aliingia mahali penye marumaru, dhahabu na joto, kwa bei ya glasi moja. Vioo vya madirisha vilichongwa nakshi ili mwanga uingie na macho ya wapita njia yabaki nje.

Je, wajua kwamba vyoo vya wanaume vinaweza kuwa kivutio cha utalii? Philharmonic Dining Rooms, Liverpool, iliyojengwa kati ya 1898 na 1900, ina sehemu ya haja ndogo ya marumaru ya rangi ya waridi. Wanawake huomba waruhusiwe kuchungulia, na hakuna anayewashangaa. Mwaka 2020 jengo hilo likapandishwa daraja la kwanza la majengo yanayolindwa na sheria, daraja wanalopewa akina Buckingham Palace.

Hatua nyingine moja, Belfast. Crown Liquor Saloon ina vyumba kumi vya mbao vyenye milango, na ndani ya kila kimoja kitufe cha kengele: bonyeza, mhudumu aje. Ukutani pana kibati cha kuwashia kiberiti. Taa bado ni za gesi. Inasimuliwa kwamba mafundi wa Kiitaliano, waliokuja Ireland kupamba makanisa, walifanya kazi hapa baada ya saa za kanisa, na ukitazama madirisha utaona hadithi hiyo ilikotoka. Hoteli ya Europa iko ng'ambo ya barabara. Miaka ya machafuko ya Ireland ya Kaskazini ilitegwa mabomu mara nyingi hata ikasifika kwa hilo Ulaya nzima, na vioo vya Crown vikapata taabu kwa ujirani tu. Tangu 1978 baa hiyo ni mali ya shirika la hifadhi la National Trust.

Shirika hilohilo linamiliki The George Inn, Southwark, tangu 1937. Hii ndiyo nyumba ya mwisho London ya wasafiri wa magari ya farasi ambayo bado ina roshani zake za mbao. Ilijengwa upya 1677 baada ya moto wa mwaka uliotangulia. Zamani ilizunguka ua kwa pande tatu. Kampuni ya reli ikabomoa mbili mwaka 1889, ikabaki moja. Sakafu zake zimepinda. Weka glasi katikati ya meza.

Je, wajua kwamba kasuku alitangaziwa tanzia magazetini? Alikuwa Polly wa Ye Olde Cheshire Cheese, kwenye kichochoro kando ya Fleet Street, mtaa wa waandishi wa habari. Inasimuliwa kwamba usiku wa kumalizika vita mwaka 1918 aliigiza mlio wa kizibo cha shampeni kufunguka hadi akazimia. Alipokufa mwaka 1926, waandishi waliokuwa wamemsikia akitukana kila jioni wakamwandikia rambirambi, na habari zikafika mbali. Mwenyewe bado yupo baani, amekaushwa. Jengo limesimama tangu 1667, mwaka mmoja baada ya Moto Mkubwa wa London. Kuna ngazi nyembamba, vyumba vya giza la mchana na maghala ya chini yenye dari za matao. Juu ya mlango wa chumba kimoja bado pana kibao kinachosema hapa wanahudumiwa wanaume tu. Siku hizi ni pambo. Dr. Samuel Johnson, mtunga kamusi, aliishi hatua chache kutoka hapo, na kiti chake unaonyeshwa. Ushahidi wa maandishi kwamba alikunywa humo hauonyeshwi.

Na kuhusu kibao kile: mtaa huohuo, baa ya mvinyo ya El Vino ilikataa kuwahudumia wanawake kaunta. Walitakiwa wakae chumba cha nyuma, wahudumiwe mezani. Wanawake wawili walikwenda mahakamani, na Novemba 1982, ndiyo, 1982, Mahakama ya Rufaa ikasema ni ubaguzi kinyume cha sheria.

Je, wajua kwamba kununua raundi kuliwahi kuwa kosa la jinai? Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, serikali iliona watengeneza mizinga wanakwenda kazini na mning'inio. Mwaka 1915 ikapiga marufuku kumnunulia mwenzako kinywaji: kila mtu na chake. Mwaka uliofuata, huko Southampton, mume alitozwa faini kwa kumnunulia mkewe glasi ya mvinyo, na mke naye akatozwa kwa kuipokea. Sheria ya raundi ilikufa vita vilipokwisha. Ile ya kufunga baa mchana, nayo iliyozaliwa na vita hivyo, iliendelea hadi 1988.

Je, wajua kwamba bia ya Mwingereza si ya moto? Kwetu mhudumu huuliza, "Ya moto au ya baridi?" na jibu lolote kati ya hayo mawili halipo kwenye baa hizi. Bia ya pipa hukaa ghala la chini, penye nyuzi 11 hadi 13. Ni bia hai: hamira bado inafanya kazi ndani ya pipa, gesi haiongezwi, na mhudumu huivuta juu kwa mkono wa bomba, mivuto miwili mitatu mirefu, povu likitulia polepole. Miaka ya 1970 ilikaribia kupotea, viwanda vikipenda bia iliyouawa na kutiwa gesi. Mwaka 1971 wanaume wanne wa Uingereza, wakiwa likizoni Ireland, waliunda chama cha kuitetea, CAMRA. Chama hicho ndicho leo hutunza orodha ya baa zilizobaki na sura yake ya ndani ya zamani. Anayetaka kuzitembelea na aanzie hapo. Kipimo cha bia hii ni painti, mililita 568, au nusu yake. Kuagiza nusu si aibu.

Je, wajua kwamba kibao chenye picha nje ya baa kilikuwa amri ya mfalme? Richard II alidai hivyo mwaka 1393, ili wakaguzi wa pombe wajue pa kuingia. Wengi hawakujua kusoma, hivyo simba mwekundu alitosha. Ukiona baa ya Royal Oak, huo ni mti aliojificha Charles II mwaka 1651 baada ya kushindwa vita Worcester.

Je, wajua kwamba kuna baa iliyobomolewa na ikarudishwa kwa nguvu ya sheria? Carlton Tavern, kaskazini magharibi mwa London, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Aprili 2015, siku chache tu kabla ya kuwekwa kwenye orodha ya kulindwa, mwenyewe alileta matingatinga bila kibali. Msimamizi alikuwa ameambiwa afunge siku hiyo kwa ajili ya kuhesabu mali. Lakini wataalamu wa hifadhi walikuwa wameshapita na kuandika kila kitu kwa makini, na halmashauri ya Westminster ikaamuru: rudisha ulichovunja, tofali kwa tofali. Majirani wakapigana miaka mingi amri isizimike. Aprili 2021 milango ikafunguliwa tena, vigae mbele, jina juu.

Mambo ya haraka kwa mgeni. Hakuna atakayekufuata mezani: nenda kaunta. Foleni haionekani, lakini ipo. Wote pale wanajua nani alitangulia, na ukimrukia mtu utatazamwa. Bakshishi hailazimiki. Baa za kitovu cha biashara cha London nyingi hufunga wikiendi, wafanyakazi wa ofisini wakiwa makwao, basi panga Jumatano.

Na wewe usiyekunywa? Ingia. Agiza soda, au kahawa kama wanayo, kaa kwenye kichumba chako utazame dari. Tangu 2010, Uingereza inazitaka baa zenye leseni zimpe mteja maji ya bomba bure akiyaomba, palipo na maji hayo. Yataletwa kwenye glasi ileile ya painti.